Saa Moja na Dakika Nne

Baba alituachia nyumba ya Ibra yenye ufa sebuleni,
mitende kumi na tisa, mmoja hauzai,
gari lisilo na betri,
na maji: saa moja na dakika nne
katika mfereji wa falaji, kila siku ya tisa.
Dakika nne hizo babu alizinunua kwa mbuzi.
Habari za mbuzi huyo tulizisikia kuliko za babu mwenyewe.

Eda ya mama haijafika nusu,
kundi la simu la ukoo limeshagawana mara tatu.
Khalfan anataka kuuza. Nasra anataka kapeti.
Mimi, kwa kuwa sina mume wala subira,
nikatumwa kutafuta wakili.

Wa kwanza, Ruwi, ghorofa ya sita,
alitaja rial mia tano kabla ya kumtaja marehemu.
Wa pili alisema Kiarabu cha mahakamani,
kirefu, kimepigwa pasi,
na changu ni cha sokoni, kinajua bei ya papa mkavu, basi.
Nikatikisa kichwa kwa adabu.
Nikatoka sijui nimekubali nini.
Wa tatu kaenda Salala kutazama mvua.

Ni muuza vitambaa wa Ibra, Jumatano, soko la wanawake,
aliyeninong'oneza huku akipima khanga:
panda ngazi hizo, mlango wa kijani,
muulize Ghaniya.

Miwani kichwani, miwani nyingine puani,
ukutani kalenda ya benki ya mwaka juzi.
"Kaa kitako, mwanangu," akaniambia.
Kiswahili! Cha jikoni,
alicholishwa na bibi yake wa Wete pamoja na uji.
Tangu mazishi sikuwa nimelia.
Nililia hapo, juu ya fomu ya warithi.

Akaniacha nimalize. Akachomoa kalamu.
"Deni kwanza. Nani anamdai?"
Duka la Abdulrasul, rial kumi na moja, za iliki.
"Wasia?" Hakuna.
"Mke?" Mmoja, yu hai.
"Thumuni yake. Kwenye maji, dakika nane."
"Watoto?" Wawili wanaume, watatu sisi.
Akapiga hesabu pembeni mwa gazeti:
kumi na sita, kumi na sita, nane, nane, nane.
Nikainuka. Yeye hakuinuka.

"Alirudi lini kutoka bara?"
Sabini na nne. Ujiji.
"Na umri?"
Thelathini na moja.
Akalaza kalamu.
"Mwanamume mzima huyo. Kamuulize mama yako.
Muulize taratibu.
Mimi siweki saini jina likiwa limebaki nje."

Mama alikuwa akichambua mchele. Hakunyanyua macho.
"Mwavita," akasema,
kama anayetaja bakuli lililo nyuma ya kabati.
"Alikuwa akimpelekea halua kila mwaka.
Nilikuwa naifunga mimi."

Kundi la simu likachemka.
Khalfan aliandika kwa herufi kubwa: USHAHIDI UKO WAPI.
Ghaniya akaandika barua kwenda Ujiji,
ikarudi na cheti kilicholiwa na mchwa pembe moja,
majina ya mashahidi wawili, na picha.
Kidevu kile cha baba hakikuhitaji muhuri.
Muhuri ukagongwa hata hivyo.

Hesabu ikaandikwa upya, safari hii kwenye karatasi safi:
kumi na nne, kumi na nne,
saba, saba, saba, saba.
Ya mama haikuguswa.
Khalfan hajanisalimu mpaka leo
kwa ajili ya dakika mbili ambazo hata kuoga hazimtoshi.

Leo ni siku ya tisa.
Nimesimama mferejini na saa ya baba,
kanzu imelowa hadi magotini.
Yangu saba zimekwisha. Nimeziba kwa jiwe na matambara,
nikafungua upande wa pili,
nikainamisha simu karibu na maji.

"Nini hiyo inayolia?" anauliza Mwavita.
"Maji yako. Unataka yaende wapi?
Kuna mtende mmoja huku hauzai."

Kimya. Sekunde zake zinakwenda.
"Basi upe huo," anasema. "Una jina?"